Siku ya maonyesho imebadilika, naomba majibu

Habari zenu wasanii wenzangu, poleni na kazi.

Maonyesho na mauzo yetu yamesogezwa kutoka Jumamosi hadi Jumapili, saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni, ukumbi uleule. Tufike saa 1 na nusu tupange meza.

1. Kila mmoja alete kazi asilia zisizozidi 4 na chapa (nakala za mchoro zilizochapishwa) zisizozidi 20.
2. Mchango wa meza ni uleule tuliokubaliana. Mwisho Alhamisi, kwa mweka hazina.
3. Nitumieni picha za kazi zenu kufikia Jumatano. Pigeni mchana, kivulini, bila flashi.

Kuhusu bei, naomba sana tusikilizane. Mara iliyopita niliumia kuona mwenzetu akiuza mchoro wa wiki 2 kwa bei isiyorudisha hata gharama ya kanvasi na fremu. Hesabu vifaa, saa ulizofanya kazi na mchango wa meza, ndipo uandike bei. Ibandike mapema, maana mteja akikuona unasitasita anashusha. Chapa za idadi maalumu zitie sahihi na namba kwa penseli, mfano 3/20, yaani nakala ya 3 kati ya 20, na zikifika 20 usichapishe tena. Mnunuzi amelipia uchache huo.

Nahitaji pia watu 2 wa kusaidia kubeba stendi.

Tafadhali jibuni hapa kabla ya kesho saa 3 usiku: "Nipo" au "Sipo", pamoja na idadi ya kazi utakazoleta. Asanteni sana.