Tatu, ile filamu nimeitazama

Tanga, Jumapili usiku

Shoga yangu Tatu,

Habari za huko, za watoto, za joto la Dar? Sisi wazima. Mama anakusalimu, goti lile lile, mdomo haujambo. Mengine baadaye. Niseme kwanza la filamu, nikienda nalo kitandani sitapata usingizi.

Ulisema nisijibu habari ya kurekodia filamu yenu kwenye nyumba ya bibi Pangani mpaka niitazame Tusk, ile ya kutisha ya Kevin Smith, nijue mnataka kufanya kitu cha namna gani. Haya, nimeitazama, mimi na Rehema. Umeme ulikatika katikati tukashukuru, halafu ukarudi.

Mwanzo ilinishika, sikufichi. Yule kijana Wallace, kazi yake kuwacheka watu kwenye podikasti, kile kipindi cha kusikiliza mtandaoni, yuko Manitoba huko Kanada, mtu aliyemfuata kamkuta kafa. Anaingia chooni baa, anaona tangazo la mzee mwenye hadithi za kusimulia na chumba cha bure. Anakwenda! (Wewe na mimi tungekwenda? Mwajuma angekwenda.) Mzee yuko kwenye kiti cha magurudumu, anampa chai, anamsimulia meli ilivyozama akaokolewa na walrasi, yule mnyama wa bahari ya barafu mwenye pembe mbili mdomoni. Michael Parks, anayemwigiza mzee, anaongea taratibu, sauti ya chini, hata unasahau kuogopa. Kijana akaja kuzinduka mguu mmoja hana. Mzee anampa pole, eti buibui kakuuma mwanangu, daktari ameukata. Rehema alinikamata mkono kucha zikaniingia. Na hapo damu hatujaiona, ni mzee, blanketi na kile kiti tu.

Ningekuwa mimi naitengeneza, nisingetoka kwenye chumba kile.

Wao wakatoka. Wakamleta Johnny Depp, pua ya bandia, macho makengeza, eti mpelelezi kutoka Quebec, jimbo jingine la Kanada, na kwenye orodha ya waigizaji hawakuandika hata jina lake, wameandika la huyo mpelelezi. Anakaa mezani anakula na kuongea, anaongea, anaongea kama mshenga aliyesahau alichotumwa. Kijana wa watu huku anashonewa ngozi awe walrasi, pembe zimechongwa kwa mifupa ya miguu yake mwenyewe, sisi tunasikiliza vichekesho. Tukirudishwa kwake, hofu imeshapoa. Rehema akaanza kucheka, nami nikamfuata. Mtu anateswa, Tatu, tunacheka!

Nilikwenda kusoma ilikotoka, nikaelewa. Kevin Smith na mwenzake walikuwa kwenye podikasti yao mwaka 2013, wakasoma tangazo la Uingereza la mtu anayetoa chumba bure kwa atakayekubali kuvaa vazi la walrasi. Tangazo lenyewe la mzaha. Wakacheka, wakatunga hadithi palepale, wakawauliza wasikilizaji tuitengeneze au tuache. Mwaka uliofuata iko sinema. Bajeti kama dola milioni 3, na kumbi za Marekani hazikurudisha hata milioni 2.

Lililoniuma zaidi hili. Yule mzee anajitaja kuwa mmoja wa yatima wa Duplessis. Hao si wa kutungwa. Quebec, miaka ya 1940 na 1950, chini ya waziri mkuu wa jimbo, Maurice Duplessis, maelfu ya watoto waliokuwa kwenye vituo vya kanisa waliandikwa wagonjwa wa akili na hali ni wazima, kwa sababu fedha ya serikali kuu kwa wagonjwa ilikuwa nyingi kuliko ya yatima. Wengi wao kosa lao kuzaliwa nje ya ndoa. Walikulia humo ndani. Serikali ya Quebec ilikuja kukubali kuwalipa fidia mwaka 2001. Sasa mtu ana kisa cha kufungiwa cha namna hiyo mkononi, anakipitia juu juu, anakimbilia vazi la ngozi!

Na Kevin Smith mwenyewe si kwamba hawezi. Filamu yake ya kwanza, Clerks, ya 1994, aliitengeneza kwa dola 27,575, kwenye duka alilokuwa akiuza mwenyewe. Mchana duka lina wateja, kwa hiyo wakashuti usiku. Sasa nje giza, na hadithi ni ya mchana, wafanyeje? Wakaandika kwamba mtu katia ubani wa kutafuna kwenye kufuli, shata hazifunguki. Basi. Nilipenda hilo kuliko Tusk nzima.

Kwa hiyo nakuja kwenye mswada wako. Yule binti aliyefungiwa chumba cha uani na shangazi yake, nimemwamini. Pale anapohesabu nyayo za shangazi kwa kusikia kandambili, usiguse hata neno. Lakini ukurasa wa ishirini anaingia askari wa Kibwana na vichekesho vyake, anakaa mpaka thelathini na kitu. Najua kwa nini yumo. Kibwana katoa hela, Kibwana anataka kuonekana. Tatu, huyo ndiye Johnny Depp wako. Mpe kubisha hodi, aongee akiwa nje ya mlango, sisi tubaki ndani na binti tukimsikiliza akiondoka. Na umeme wa Pangani ukikatika msihangaike na jenereta, uingizeni kwenye hadithi.

Nyumba nawapa. Mama kakubali kwa shingo upande, ila chumba cha bibi kisiguswe, na damu ya rangi isimwagwe kwenye sakafu ya baraza. Nilimwambia ni tamthilia ya kifamilia, usije ukaniumbua.

Sasa nijibu. Kibwana utamwambia wewe au nimwambie mimi? Akitaka hela zake zirudi, mnazo? Shangazi ataigizwa na nani, maana Mwajuma ananipigia simu kila jioni kuuliza? Bado mnataka kuipeleka ZIFF, kwenye tamasha la filamu Zanzibar, au mtaigawa sehemu ya kwanza na ya pili kama kawaida yetu? Mtakuja wangapi, mtapikiwa na nani? Na ile khanga yangu uliyoondoka nayo Idi, imo kwenye mavazi ya binti?

Wako,
Hamisa