Barua kwa mwanangu anayevuka kwenda Nansio

Mwanangu mpendwa,

Dada yako ameniambia kwamba Jumatatu utapanda meli ya Nansio, kisiwani Ukerewe, kuanza kazi ya ununuzi wa dagaa. Nimefurahi sana, kwani si kila kijana wa rika lako anayekabidhiwa fedha za watu. Hata hivyo nakuomba usivuke kabla hujaonana na daktari, na ukionana naye umweleze ukweli wote wa kifua chako.

Uliposhinda hapa nilikuona ukiitikisa sikioni pampu ya bluu, ile ya kuvuta pumu ikikubana, ukasema dawa bado ipo. Kuitikisa hakukuhakikishii kitu, mwanangu, kwa sababu pampu isiyo na namba za kuhesabia huendelea kupuliza hata dawa ikiwa imekwisha. Usiku nikakusikia ukiivuta tena. Mtu anayeamshwa na kifua usiku, au anayeihitaji ya bluu zaidi ya mara mbili kwa wiki, pumu yake haijadhibitiwa. Nawe kila ukiulizwa hospitalini hujibu kwamba unaendelea vizuri. Ni jibu la adabu, lakini daktari atamwandikia dawa huyo anayeendelea vizuri, na wewe utarudi nyumbani na kifua kilekile.

Mweleze daktari kwamba ile pampu ya kahawia umeiacha. Najua uliiona haisaidii upesi, lakini kazi yake ni kutuliza uvimbe ulio ndani ya njia za hewa, nayo huifanya ikivutwa kila siku, hata siku unazojiona mzima, ilhali ya bluu hukupa nafuu ya saa chache tu. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu haushauri mtu mzima kutibiwa kwa ya bluu peke yake. Kama ulichochukia ni utando mweupe mdomoni, sema, maana kusukutua maji na kuyatema kila baada ya kuvuta husaidia kuuzuia. Kama ni bei, sema pia. Umejifunza kuficha shida kwa heshima, na kwa jambo hili heshima hiyo siitaki. Vuta dawa mbele yake akuangalie, kwa kuwa wewe hupuliza haraka ukiwa umeinama. Mwombe pia akuandikie hatua za kufuata ukibanwa, kwa sababu kumsafirisha mgonjwa ziwani usiku si jambo la kutegemea.

Mama yako mdogo, utakayekaa kwake huko Nansio, anapikia kuni, nami nimemwomba akupe chumba cha upande wa barabarani, mbali na jiko. Usimkatalie kwa kuona haya. Blanketi la manyoya liache hapa, linashika vumbi. Chukua shuka mbili zilizo kabatini.

Fedha ya dawa ipo kwa dada yako, usiitie kwenye mtaji. Ukitoka kwa daktari nipigie kabla hujakata tiketi, unisomee alichokuandikia.

Mama yako