Rekodi ya ukumbini isihukumiwe kwa kelele za glasi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nitoe maoni kuhusu makala ya ukurasa wa sanaa iliyodai kwamba rekodi iliyofanywa ukumbini mbele ya watu ni kazi ya daraja la pili kwa sababu ya kelele za glasi na wateja, inayofaa kwa kumbukumbu tu, na kwamba bendi yenye gitaa, besi na dramu peke yake haiwezi kutoa muziki uliokamilika mpaka iongezewe kinanda. Sehemu ya lawama ya mwandishi ni ya haki, kwani maonyesho mengi ya bendi zetu yamerekodiwa vibaya. Hata hivyo, kanuni aliyoijenga juu ya lawama hiyo haisimami, na ipo santuri moja inayotosha kuiangusha.

Santuri hiyo ni Jim Hall Live!, iliyorekodiwa Juni 1975 katika klabu ya Bourbon Street mjini Toronto, Kanada. Mpiga gitaa ni Jim Hall, Mmarekani aliyezaliwa Buffalo mwaka 1930. Besi, ile kubwa ya kusimama, inapigwa na Don Thompson, na dramu ni za Terry Clarke, wote wawili Wakanada. Hakuna kinanda, hakuna tarumbeta, hakuna mwimbaji. Vibao ni vitano tu kwa pande zote mbili, na hakuna hata kimoja kilichotungwa na watatu hao: ni vibao vya zamani ambavyo kila mpiga jazi wa wakati ule alivifahamu, kikiwemo kimoja cha Charlie Parker na kimoja cha Thelonious Monk. Kwa hiyo hakuna upya wa utunzi wa kumshughulisha msikilizaji, na kinachobaki kusikilizwa ni namna watu watatu wanavyopeana nafasi.

Katika bendi ya jazi kinanda ndicho kinachoshikilia kodi, yaani zile sauti tatu au nne zinazopigwa kwa mkupuo mmoja ili anayepiga solo apate pa kukanyaga. Kikiondolewa, mpiga gitaa hubaki na kazi mbili, ya kuimba kwa nyuzi na ya kujiitikia mwenyewe, na wengi huogopa ukimya unaojitokeza hapo, wakaujaza kwa noti nyingi kuliko wimbo unavyohitaji. Hall alifanya kinyume. Alipenda kupunguza sauti ya amplifaya mpaka mguso wa kidole na waya wenyewe ukasikika. Alipiga kipande kifupi, akasubiri, na katika kusubiri huko besi ya Thompson ikapanda na kuchukua mazungumzo, huku Clarke akijua wakati wa kusukuma na wakati wa kunyamaza. Ustadi huo hakuuokota Toronto. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikuwa katika bendi ya watu watatu ya mpiga klarineti na saksofoni Jimmy Giuffre, ambayo haikuwa na dramu kabisa, na mwaka 1962 mpiga saksofoni Sonny Rollins alipotoa santuri yake ya The Bridge, gitaa la Hall ndilo lililokaa mahali pa kinanda. Anayesema kwamba bendi ya namna hii ina pengo anasema kweli, ila pengo hilo liliachwa makusudi, na ndilo linalompa mpiga besi uhuru ambao nyuma ya kinanda asingeupata. Nimepiga gitaa la besi katika bendi za dansi kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na sijui rekodi nyingine inayomfundisha mpiga besi kusikiliza kama hii.

Jambo la pili ni kwamba aliyeirekodi kazi hiyo ni Don Thompson mwenyewe, yule yule mpiga besi. Baadaye ndipo kampuni ya A&M ilipoitoa kupitia lebo yake ya jazi, Horizon, na zaidi ya miaka 35 baadaye kanda zilizobaki za siku hizo hizo zikatoa juzuu nyingine tatu, Hall akiwa bado hai; alifariki Desemba 2013. Sisemi kwamba kila kitu ndani yake ni safi. Kwa masikio yangu sauti ya besi ina uumeme kidogo, kama ilivyokuwa desturi ya miaka ile. Lakini uwiano wa vyombo hauna kasoro, na sababu yake si mashine. Watu watatu wakikaa karibu katika ukumbi mdogo, kila maiki husikia vyombo vyote, dramu zikaingia katika maiki ya gitaa na gitaa katika maiki ya besi, hivyo hakuna mtu anayeweza kupandisha mmoja au kufuta kosa la mwingine baadaye bila kugusa vyote. Uwiano lazima utengenezwe na wapigaji jukwaani, kwa mikono yao.

Kuhusu kelele, mwandishi akumbuke rekodi za mpiga kinanda Bill Evans za tarehe 25 Juni 1961 katika klabu ya Village Vanguard, New York, ambamo glasi na mazungumzo ya wateja vinasikika wazi. Mpiga besi wake, Scott LaFaro, alikufa katika ajali ya gari siku 11 baada ya kurekodi. Tangu hapo hakuna msikilizaji mwenye akili timamu aliyetaka kubadilishana kanda hizo na ukimya wa studio. Klabu hiyo hiyo ndimo alimorekodi Kenny Burrell mwaka 1959, naye akiwa na gitaa, besi na dramu tu.

Sasa nirudi kwa bendi zetu. Vibao vya zilipendwa ambavyo redio haziachi kuvipiga, vikiwemo vya Jamhuri Jazz na Atomic Jazz za hapa Tanga, vilirekodiwa bendi nzima ikipiga kwa pamoja, na ndiyo maana gitaa la solo, la rithim na la besi yanajibizana kama watu wanaoonana. Siku hizi kila mpigaji huja studio kwa siku yake, akavaa spika za masikioni na kupiga juu ya mdundo wa kompyuta, kisha kinanda kikaziba kilichobaki. Rekodi za ukumbini ambazo mwandishi alizilalamikia zina kasoro tofauti kabisa na aliyoitaja: fundi huchukua sauti moja kwa moja kutoka kwenye mikisa, yaani mashine ya kuchanganyia sauti zinazokwenda kwenye spika za ukumbi, na katika ukumbi mdogo gitaa na dramu hazihitaji kupitia huko kwa kuwa zinasikika zenyewe. Matokeo yake mwimbaji anajaa masikioni na gitaa linasikika kwa mbali kama la nyumba ya jirani. Maiki mbili nzuri zilizosimamishwa mbele ya bendi, kwenye kimo cha kichwa cha mtu, zingeondoa sehemu kubwa ya tatizo hilo, na bei yake haifikii gharama ya kukodi studio kwa kazi nzima.

Kwa hiyo ninaomba ukurasa wako wa sanaa, kila unapohakiki rekodi, uchape majina ya wapigaji wote na chombo cha kila mmoja, mahali iliporekodiwa, na jina la aliyerekodi. Makala ile ilizihukumu rekodi kadhaa bila kutaja hata fundi mmoja. Na kwa kuwa mwandishi ameahidi sehemu ya pili, namwomba kabla ya kuiandika aisikilize santuri ya Toronto pande zote mbili, kwa spika za kawaida zilizotulia mezani, wala si kwa simu.

Msomaji wako wa siku nyingi,
Mpiga gitaa la besi mstaafu,
Tanga