Luka hakuwakimbia Dallas, aliondolewa

Mhariri, habari za kazi. Naandika kutoka Mwanga hapa Kigoma, mwisho wa reli. Mimi ni shabiki wa timu ya basketi ya Dallas Mavericks tangu enzi za Dirk Nowitzki na ule ubingwa wa 2011, na kilichonifanya niandike ni ubishi ambao kijiweni kwetu haujaisha mpaka leo, kwamba eti nyota wetu Luka Dončić aliwasaliti Dallas akafuata hela na jina kubwa kwa Lakers ya Los Angeles. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa wasomaji maana naona wengi wanaosema hivyo wanaipima NBA, ligi ya basketi ya Marekani, kwa kipimo cha Simba na Yanga.

Huku tumezoea mchezaji anamaliza mkataba, anaongea na timu, anasaini. Chama alivyotoka Simba kwenda Yanga 2024 wanasimba waliumia na nawaelewa kabisa, lakini yule alikaa mezani akachagua mwenyewe. Na hata kama una mkataba, klabu zikielewana bei bado wewe ndo unasaini huko unakoenda, usipotaka dili limekufa. NBA sio hivyo jamani. Kule mkataba unahama na mchezaji wake, timu moja inaipigia nyingine simu, wanabadilishana watu, mishahara inabidi ikaribiane kwa sababu ya sheria zao za matumizi, basi imeisha, wewe unaambiwa tu kapande ndege. Kwa kawaida anayeweza kugoma ni yule mwenye kipengele maalum kwenye mkataba, na ili ukipate lazima uwe umecheza ligi miaka 8 na hiyo timu uwe umeichezea miaka 4. LeBron James anaposaini Lakers 2024 akapewa. Luka kaingia ligi 2018, sa angekipata wapi?

Kwa saa zetu ilikuwa Jumapili asubuhi tarehe 2 Februari 2025, watu wanajiandaa kwenda kanisani, meseji zinamiminika kwenye grupu na karibu wote tukadhani akaunti ya yule mwandishi Shams Charania imedukuliwa. Luka kaenda Lakers, Anthony Davis na Max Christie wanakuja Dallas pamoja na chaguo moja tu la raundi ya kwanza la drafti ya 2029 (drafti ni pale timu zinapochagua chipukizi kwa zamu), na Utah Jazz wamo katikati kama timu ya tatu. Luka hakuomba kuondoka. Alikuwa nje anauguza kigimbi alichoumia siku ya Krismasi, hana habari yoyote. Davis naye hakuomba, hilo watu huwa wanalisahau.

Alafu hiyo hela mnayosema kaifuata. Angebaki Dallas, kiangazi cha 2025 alikuwa na haki ya kusaini mkataba wa miaka 5 wa kama dola milioni 345, na sheria inasema ni Dallas tu ndo wangeweza kumpa. Walivyomtoa, haki hiyo ikafa pale pale. Lakers akasaini miaka 3 kwa dola milioni 165. Hivi kuna mtu anakimbilia hela kwa staili hiyo?

Sasa upande wa pili wa kijiwe, hawa wanaosema biashara ni biashara. Meneja mkuu wa Dallas, Nico Harrison, alijitetea kwamba difensi ndo inaleta ubingwa, na kukawa na maneno mengi kuhusu mwili wa Luka na mazoezi yake. Sikatai, kwenye kukaba Luka sio mtu wa kumtegemea sana. Lakini huyu ana miaka 25, msimu uliotangulia alikuwa na wastani wa pointi 33.9 hakuna aliyemfikia kwenye ligi nzima, na Juni 2024 kawapeleka fainali, wakafungwa na Boston. Davis ni mchezaji mzuri mno, nampenda, ila alikuwa na miaka 31 na majeraha hayamuachi. Kama ni biashara basi ni biashara mbovu, mana mwaka 2024 huo huo Knicks walitoa machaguo 5 ya raundi ya kwanza kumpata Mikal Bridges ambaye hajawahi hata kuitwa All-Star, ule mchezo wa nyota wa ligi. Bridges matano, Luka moja! Kisa, dili lilifanywa kwa siri. Harrison aliongea na Rob Pelinka, bosi mwenzake wa Lakers, chini chini, hakuitangaza sokoni, na ukiuza ng'ombe usiku bila kumfikisha mnadani utachukua bei aliyonayo huyo mteja wako mmoja. Hapo ndo hasira yangu ilipo na ndo maana wale mashabiki waliobeba jeneza nje ya uwanja wa Dallas mimi sikuwaona wehu.

Kilichofuata mnakijua. Davis mechi yake ya kwanza kapiga pointi 26 na rebaundi 16 alafu akaumia hapo hapo, nyota wetu mwingine Kyrie Irving Machi akachana goti. Tarehe 9 Aprili Luka karudi Dallas na jezi ya Lakers, kwetu ilikuwa usiku wa manane, kabla ya mechi wakaonyesha video ya kumshukuru, jamaa kakaa benchi anafuta machozi na taulo na uwanja mzima unamwimba. Akainuka akawapiga pointi 45. Sasa niambieni, msaliti gani anapokelewa hivyo na watu aliowasaliti?

Najua jibu la kijiweni: bila dili lile tusingempata chipukizi Cooper Flagg. Ndio, Mei 2025 Dallas walishinda bahati nasibu ya drafti, ile inayoamua nani anachagua wa kwanza, wakiwa na nafasi ya asilimia 1.8 wakampata huyo dogo na mimi nilishangilia mpaka majirani wakagonga mlango. Lakini ile ni bahati, haikuwepo kwenye hesabu ya mtu yeyote Februari. Wenye timu wenyewe walimfukuza Harrison Novemba 2025, baada ya miezi ya uwanja mzima kuimba afukuzwe.

Na hili la kuhamishwa bila kuulizwa sisi Watanzania ndo tungetakiwa kulielewa kuliko wote. Hasheem Thabeet wetu alichaguliwa namba 2 drafti ya 2009 na Memphis, mbele ya James Harden na Stephen Curry, na Februari 2011 akapelekwa Houston kwenye dili la Shane Battier, mwaka uliofuata akasukumwa Portland. Kipindi kile watu huku walisema kashindwa anahamahama, kumbe hakuhama, alihamishwa, na kijana mrefu ambaye bado anajifunza mpira hawezi kukua anatupwa timu hadi timu.

Kuna dogo hapa mtaani anacheza na jezi ya mtumba ya bluu ya Dallas, namba 77 ya Luka, wenzake wanamzomea kwamba kavaa jezi ya msaliti. Nimemwambia aivae tu.

Ombi langu kwako mhariri, kurasa za michezo zimejaa mpira wa miguu na hatulalamiki, ila basketi ikipata hata robo ukurasa kwa wiki, msimamo wa NBA na ligi yetu ya ndani, na mtu wa kueleza hizi sheria zao za kubadilishana wachezaji zinavyofanya kazi, huku Kigoma mtakuwa na wasomaji wengi, sio mimi peke yangu.

Wasalaam,
Shabiki wa Mavs, Mwanga, Kigoma