Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Mwanza Kuhusu Ajira za Mwaloni

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

YAH: HALI YA UCHUMI NA AJIRA KATIKA MIALO YA MKOA WETU

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mkazi wa Kirumba, Wilaya ya Ilemela, na kazi yangu ni kununua dagaa wabichi mwaloni, yaani pale ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki, kuwaanika na kuwauza. Ninakuandikia hadharani kwa sababu ninayotaka kuyasema hayanihusu peke yangu. Yanawahusu akina mama na vijana wa Ilemela, Magu, Sengerema, Buchosa na Ukerewe wanaokula kwa jasho la ziwani, na ambao majina yao hayapo kwenye daftari la mwajiri yeyote.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 3,699,872 katika mkoa huu, kutoka 2,772,509 mwaka 2012. Hao ni watu zaidi ya laki tisa walioongezeka katika miaka kumi, na ziwa ni lile lile. Sangara, ambaye tangu miaka ya 1990 alituletea viwanda vya minofu na fedha za kigeni, hapatikani tena kwa wingi ule wa zamani, na viwanda vilivyobaki havipati mzigo wa kutosha kujaza uwezo wake. Kijana aliyekuwa akiitwa kibarua kiwandani siku sita kwa wiki sasa anasimama getini alfajiri bila kujua kama ataingia au atarudi nyumbani.

Miradi mikubwa tunaiona na tunaishukuru. Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lilizinduliwa Juni 19, 2025, na yeyote aliyewahi kusubiri kivuko akiwa na mgonjwa garini anajua thamani yake. Hata hivyo, foleni ya kivuko ndiyo iliyokuwa soko la mama aliyekaanga samaki, la kijana aliyetembeza maji na soda dirishani mwa basi, na la mbeba mizigo. Mabasi sasa yanapita bila kusimama. Kazi za kufunga nondo na kumwaga zege nazo zilikuwa na mwisho wake, na zile za reli ya kisasa ya kutoka Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, zitakuwa nao pia. Sipingi maendeleo hata kidogo. Ninachouliza ni nani aliyepewa jukumu la kujua watu hawa walikwenda wapi baada ya hapo.

Mheshimiwa, iwapo ofisi yako inatafuta ajira ambayo tayari ipo na inaweza kukuzwa bila kumngoja mwekezaji, naomba itazame dagaa. Mitumbwi inapotia nanga asubuhi, tunanunua kwa ndoo, na wengi wetu tunamwaga mzigo moja kwa moja juu ya mchanga. Jua likiwaka siku nzima, jioni tunafagia dagaa wakavu, lakini wenye mchanga ndani yake, na mnunuzi anashusha bei mbele ya macho yetu. Mvua ikitoka ziwani ghafla, kama inavyofanya wakati wa masika, mzigo wote unalowa, unabadilika rangi na kuanza kunuka, na kilichokuwa chakula cha watu kinaishia kwenye chakula cha kuku. Mtaji unakatika kwa saa moja. Chanja za miti na nyavu, zilizoinuliwa hadi kiunoni ili upepo upite chini, zinakausha upesi zaidi na kutoa dagaa safi, na turubai linafunikwa juu yake mara tu wingu linapoonekana. Hiki si kitu cha kuagizwa ng'ambo: fundi seremala wa hapa hapa anaweza kukitengeneza, na hiyo nayo ni ajira.

Jambo la pili ni mikopo. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wake ulisitishwa Aprili 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, na katika kipindi hicho wenzetu wengi waliangukia mikononi mwa kausha damu, yaani wakopeshaji wa riba kubwa, ambao hawajui mvua wala mbalamwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza. Mwezi ukishakuwa mkubwa hawafuati taa, na mitumbwi inapumzika. Kwa siku hizo mwaanikaji hana cha kuanika, lakini tarehe ya marejesho inafika. Ratiba ya marejesho kwa vikundi vya mwaloni ingefuata giza na mbalamwezi, nina hakika wengi wangelipa kwa wakati, maana fedha ingekuwapo.

Kwa hiyo ninaiomba ofisi yako iagize kila halmashauri yenye mwalo iwahesabu watu wanaofanya kazi pale, wakiwemo waanikaji, wabebaji, washona nyavu na vibarua, na iyabandike matokeo kwenye mbao za matangazo za kata. Ninaomba pia bajeti ijayo itenge fedha za chanja na maghala kutokana na ushuru tunaoulipa mwaloni, na maofisa wa kazi wakague viwandani kama vibarua wa muda mrefu wana mikataba, kama Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inavyotaka.

Tungependa majibu yako tuyasikie kwenye mkutano wa hadhara hapa mwaloni. Tafadhali upangwe wakati wa mbalamwezi, ambapo wavuvi na waanikaji wote watakuwa na nafasi ya kuja.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwaanikaji wa dagaa,
Kirumba, Mwanza