Kabla ya kuomba kiti cha kugawa mitaji: barua kwa wahitimu

Marahaba, wanangu.

Salamu zenu zimenifikia kwa wingi tangu mahafali, na karibu kila moja imekuja na ombi lilelile: Bibi, tuonyeshe njia ya kuingia kwenye mifuko ya mitaji ya ubia, ile inayokusanya fedha za watu na kuzitia katika kampuni changa ili ipate hisa. Wengine mmesomea uhandisi, wengine fedha, wengine sheria. Kumjibu kila mmoja peke yake siwezi, kwa hiyo naandika wazi, nanyi mtasomeana.

Nianze na lile ninalolitaka, msilitafute hadi chini. Usiombe kiti cha kuamua fedha ziende kwa nani kama hujawahi kubeba kitu kimoja, hata kiwe kidogo, kutoka karakana hadi mkononi mwa mtu aliyekilipia kwa fedha yake mwenyewe.

Mimi nilifundishwa hilo na mashine ya muhogo. Nilikuwa mhandisi kijana chuoni, na wenzangu tukabuni mashine ya kuparaza muhogo. Tuliipeleka Sabasaba, ikapigwa picha, tukapewa cheti. Kisha tukaipakia kwenye lori hadi Handeni, kwa kikundi cha akina mama. Mota yake ilitaka umeme wa njia tatu, na kijiji kile hakikuwa na umeme wa namna yoyote. Tukarudi Dar es Salaam, tukafunga injini ya dizeli. Msimu wa pili meno yakawa butu, na fundi wa pale hakuwa na kifaa cha kukatia mengine, maana tulitumia chuma kisichoshika kutu ambacho mjini kwao hakiuzwi. Nilipofika mara ya tatu nikakuta kuku wametaga ndani ya ile mashine. Mwenyekiti wa kikundi akanikaribisha chai, akaniambia kwa upole: mwanangu, kuparaza hakujatushinda, tuna mikono, kinachotushinda ni kukausha, mvua zikikaa muhogo unaoza uwanjani.

Kwa miaka miwili hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemuuliza.

Kulikuwa na hasara nyingine tuliyoijua baadaye. Tulipofikiria kuomba hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, mashine ilikuwa imeshaonyeshwa hadharani kila pembe. Hataza hupewa kitu kipya, na ukishakianika mbele ya watu mara nyingi upya wake umekwisha. Anayetaka kufanya kazi ya kubiasharisha bunifu ajue mambo haya kama anavyojua njia ya kwao. Ajue kwamba BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, inahusika na Tanzania Bara, na kwamba Zanzibar ina wakala wake, kwa hiyo usajili wa Dar es Salaam peke yake haukulindi Unguja. Ajue kwamba kupitia ARIPO, shirika la nchi za Afrika la haki za ubunifu lenye makao yake Harare, ombi moja linaweza kutaja nchi kadhaa. Watu wanaoweza kukaa na mvumbuzi na kuandika madai ya hataza, yaani maneno yanayotaja hasa kinacholindwa, yakasimama mbele ya hakimu ni haba mno kwetu. Ningekuwa na umri wenu na akili ya sheria, ningekwenda huko, na ningeacha wengine wagombanie viti vya mifuko.

Viti vyenyewe ni vichache, na hesabu inaonyesha kwa nini. Chukua mfuko wa dola milioni 20, ambao kwa hapa kwetu si mdogo. Kwa desturi ya kazi hii mfuko huishi kama miaka 10, na wasimamizi huchukua ada ya kama asilimia 2 kwa mwaka. Hiyo ni dola 400,000: mishahara, wakili, mkaguzi wa hesabu, pango, safari za Nairobi na Kigali. Utaajiri watu wangapi hapo? Na kwa miaka 10 ada hiyo imekula milioni 4, zimebaki 16 za kuwekeza. Ukizigawa kwa kampuni changa kumi, nusu zikafa, tatu zikarudisha kile zilichopewa, basi mbili zilizobaki ndizo zitakazobeba mfuko mzima. Wasimamizi hupata fungu lao la faida, kwa kawaida asilimia 20, baada ya wenye fedha kurudishiwa mtaji wao. Kwa hiyo utajiri mnaousikia huja mwishoni, kama unakuja. Msimamizi kijana anaweza kufikisha miaka 35 bila kujua kama alichagua vyema.

Mfano unaosimuliwa kila mahali ni wa ARD, kampuni ya kuwekeza katika kampuni changa iliyoanzishwa Marekani mwaka 1946 na kuongozwa na Georges Doriot. Mwaka 1957 iliweka dola 70,000 katika Digital Equipment, kampuni ya kompyuta ya wahandisi wawili waliotoka kwenye maabara ya chuo cha MIT, ikapata asilimia 70 ya hisa. Digital ilipoingia soko la hisa mwaka 1966, sehemu ile ilikuwa na thamani ya mamilioni kwa makumi. Watu huitazama faida hiyo. Mimi hutazama ile miaka tisa, na ukweli kwamba wahandisi wale walikuwa wameshajenga kompyuta kwa mikono yao kabla ya kuomba hata senti.

Nanyi msidhani jambo hili ni geni kwetu. Waliokulia pwani wanajua mavuvi yanavyogawanywa: fungu la chombo, fungu la nyavu, mafungu ya watu. Waliosoma madrasa wanajua mudharaba: mmoja anatoa mali, mwingine anatoa kazi, faida wanagawana kwa mapatano, na mali ikipotea bila uzembe wala hiana, hasara ya mali ni ya mwenye mali, na mfanyakazi amepoteza jasho lake. Jasho nalo limehesabiwa kuwa kitu. Hilo lishikeni mtakapoandaa mikataba. Nimesoma mikataba ambayo mwenye fedha analipwa kwanza, anarudi tena kugawana kilichobaki, na mbunifu aliyekesha miaka sita anaondoka na shukrani. Alisaini kwa sababu hakuna aliyemsomea kifungu kile kwa Kiswahili, na vijana waliokuwa mezani waliona si kazi yao. Ni kazi yenu. Mweleze, umwambie aende na wakili wake, umpe siku za kufikiri.

Sasa nifike kwenye kinachoniuma.

Miaka mingi baada ya Handeni niliitwa kwenye kamati ya uwekezaji ya mfuko mmoja. Akaja kijana aliyekuwa akitengeneza kikaushio cha jua: fremu ya mbao, karatasi ya nailoni, feni ndogo. Kilikausha muhogo hata wingu likiwa limetanda, na fundi yeyote wa kijijini angeweza kukitengeneza upya. Nilijua kile ni nini. Lakini kiasi alichoomba kilikuwa kidogo kwetu. Kukagua kampuni ndogo kunagharimu sawa na kukagua kubwa. Tulipaswa kumwambia hivyo wiki ileile. Badala yake tukamwambia tutawasiliana. Tukamwomba mahesabu ya miaka mitatu, akaleta. Tukaomba tena. Ilipita miezi 14. Alikataa mkopo wa ushirika akitusubiri, akauza mashine yake ya kuchomelea ili alipe pango, akafunga. Nilikuwa mezani muda wote huo na sikupiga simu.

Ndiyo maana nasisitiza karakana kwanza. Aliyewahi kusubiri chuma wakati mafundi wanadai ujira hawezi kumweka mwenzake miezi 14. Kazi hii kwa sehemu kubwa ni kukataa: katika maombi mia utakubali moja au mbili. Kataa mapema, sema sababu, na kama unajua mlango mwingine mwelekeze. Wengine hawahitaji kuuza hisa kabisa. Kule Arusha, kiwanda cha A to Z kilipoanza mwaka 2003 kufuma vyandarua vya Olyset, teknolojia ilitoka Sumitomo Chemical ya Japani, dawa ikiwa imechanganywa ndani ya uzi wenyewe, na Acumen, mfuko wa Marekani unaowekeza kwa manufaa ya jamii, ikatoa mkopo. Mkopo, si hisa. Kiwanda kilikuja kuajiri maelfu. Udhaifu wake pia muuone: wanunuzi wakubwa wa vyandarua ni wafadhili wachache, na mfadhili akibadili mpango, mashine zinasimama. Lakini aliyekaa katikati, akaelewa plastiki ya Wajapani, mahesabu ya Arusha na masharti ya mkopeshaji kwa pamoja, huyo alijua kazi yake.

Basi nendeni SIDO, shirika la viwanda vidogo, nendeni kwenye vituo atamizi vinavyolea kampuni changa, nendeni pale COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, Kijitonyama, mkaulize ni bunifu zipi zilizoshinda MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya ubunifu, zimekosa mtu wa kuzisukuma. Wahasibu, karakana zinawahitaji kuliko mabenki yanavyowahitaji. Mishahara itakuwa midogo, na wazazi wenu watanung'unika. Waonyesheni barua hii.

Na Handeni bado muhogo unaoza mvua zikikaa. Michoro ya kile kikaushio ninayo, kijana mwenyewe ameniruhusu niitoe, naye yuko tayari kuelekeza. Wawili au watatu kati yenu walio tayari kwenda kukaa huko kabla ya vuli, waniandikie. Nitawapa jina la kijiji na la mama wa kumuuliza kwanza.

Bibi yenu,
mhandisi mstaafu