Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Mimi nitazungumzia miguu yetu.

Bado wenzetu wanafika hospitali kidole kimeshakuwa cheusi. Mguu unauma ukitembea, ukisimama unatulia, nasi tunasingizia uzee. Kumbe ateri, yaani mshipa unaopeleka damu mguuni, imeziba. Mimi nami nilisingizia hivyo miezi mingi, hadi nikaandikiwa kukatwa mguu bila hata mishipa kupimwa. Mguu wenyewe ndio huu nilioingia nao ukumbini.

Waliouokoa walitoboa tundu dogo kinenani kwa ganzi, wakapitisha waya mwembamba ndani ya ateri huku wakiufuatilia kwenye skrini ya eksirei, kisha wakajaza puto pale palipoziba. Nilikuwa macho muda wote. Kesho yake nikarudi nyumbani.

Wanaohofia kwamba haya ni majaribio wajue kuwa daktari Charles Dotter alizibua ateri ya mguu kwa njia hii huko Portland, Marekani, tarehe 16 Januari 1964. Mgonjwa alikuwa bibi wa miaka 82 aliyekataa kata kata kukatwa mguu, na alitembea nao mpaka mwisho wa maisha yake. Puto lenyewe lilikuja mwaka 1974 kwa mkono wa daktari Andreas Grüntzig, Zurich, Uswisi. Leo Muhimbili inafundisha madaktari wetu wenyewe fani hii ya kutibu kwa kuongozwa na picha za eksirei, na hilo linanifariji kuliko yote niliyoyaona katika uongozi wangu.

Hata hivyo, puto halifai kila mguu. Mshipa ulioziba sehemu ndefu huenda ukahitaji upasuaji wa kuipitishia damu njia nyingine. Uliozibuliwa nao huweza kuziba tena, hasa kwa mvuta sigara. Dawa ya rangi inayotumika ili mishipa ionekane kwenye eksirei inaweza kuumiza figo, kwa hiyo pimeni figo kwanza.

Kamati inapendekeza kila mkutano wa mwezi tuvue viatu, tukaguane nyayo, na muuguzi apime presha ya kifundo cha mguu na ya mkono. Ya kifundo ikigawanywa kwa ya mkono ikatoka chini ya 0.9, mtu huyo aende kwa daktari wa mishipa wiki hiyohiyo. Wenye kisukari wasitulie hata kipimo kikiwa kizuri, maana ateri zilizokakamaa hudanganya.

Kwa kazi hiyo tunahitaji dopla ya mkononi, yaani kifaa kidogo cha kusikilizia damu ikipita mshipani. Naomba mkutano uidhinishe ununuzi wake leo.